Wazee Hawaokotwi Barabarani

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Leona Kubisiak amepiga magoti kando ya barabara kuu, akimfunga kulungu kamba ya winchi miguuni. Ni dume mchanga. Pembe zake ni vijiti viwili tu. Amegongwa alfajiri, na damu ya puani haijaganda. Leona anabonyeza kitufe, winchi inalia, mzoga unakwaruza changarawe na kupanda taratibu mpaka ndani ya pikapu. Juu ya uzio, kunguru wawili wanageuza vichwa kwa pamoja kumtazama.

Simu inaita. Ni Bernice, shangazi yake.

"Leona, umemchukua baba yako?"

"Nimchukue nimpeleke wapi, Shangazi? Niko kazini, nina mzoga mkononi."

"Basi hayupo. Koti halipo, viatu havipo, mlango wa nyuma uko wazi. Kahawa yake hata hajaigusa."

Hiyo ilikuwa Jumanne moja ya Oktoba, mwaka jana. Leona anakumbuka kwamba aliitazama barabara kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kuvuka. Haikuwa na mtu wala gari.

"Nilijua," anasema. "Usiniulize nilijua nini. "

Leona ana miaka hamsini na minne. Tangu usichana wake ameokota kulungu waliogongwa na magari katika kaunti yake, katikati ya Wisconsin. Hulipwa dola arobaini kwa mzoga, mafuta juu yake. Kiangazi anaweza kukaa hivihivi, lakini majani yakianza kuwa mekundu simu hailali.

Dukani wanamwita Bibi Mazishi.

"We Bibi Mazishi, leo umezika wangapi?" muuza nyama humuuliza kila anapoingia.

"Wengi kuliko soseji zako," humjibu, "na wangu wananuka vizuri zaidi."

Kazi hiyo imemfundisha jambo ambalo hakulitafuta. Anajua kulungu wa umri gani hufia wapi.

"Dume wa mwaka mmoja na nusu hufia mbali na kwao," anaeleza. "Mama yake hamtaki tena, basi anaondoka. Huku kwetu kwenye mashamba ya wazi anakwenda mbali sana, maana hana pa kujificha mpaka aukute msitu mwingine. Kule kaskazini kwenye misitu minene haendi mbali hivyo. Wa miaka mitatu, minne, huyo namwokota Novemba, msimu wa kupandana. Amepagawa, anafuata harufu, haoni gari wala treni."

Na wazee?

Leona anatikisa kichwa. "Wazee hawaokotwi barabarani. Dume akishafika miaka saba, nane, dunia yake inakuwa ndogo. Akipata kichaka chenye maji na chakula, hana haja ya kwingine. Watu wakija hakimbii. Anajilaza, anaweka kidevu chini, unampita karibu kiasi cha kumkanyaga. Anafia humohumo, wala hakuna anayejua."

Anasema maneno hayo polepole, akiwa amesimama dirishani, jikoni mwa nyumba ya baba yake, anamoishi na Bernice. Dirisha hilo linatazama kinamasi kilicho nyuma ya nyumba: matete, vichaka vilivyosukana, na katikati kisiwa kidogo chenye misonobari michache iliyokonda.

Baba yake aliitwa Casimir. Kundi la wawindaji lilimwita Cass. Leona, kama watoto wote wa Kipolandi wa upande ule, alimwita Tata. Alilima viazi maisha yake yote, na kila Novemba alikuwa mkuu wa msako.

Kundi lile huwinda kwa kuswaga. Nusu ya watu hukaa lindo, kila mmoja juu ya kigoda chake, kimya kabisa. Nusu nyingine hujipanga mstari na kutembea wakipaza sauti, "Hep! Hep!", huku baragumu likipulizwa ili mstari usikatike. Kulungu hukimbia kelele na kuangukia mikononi mwa walio lindoni.

Sheria ya Tata ilikuwa moja. Aliye lindoni hasogei, haiti, hakohoi, mpaka mkuu wa msako amfuate mwenyewe. Na mkuu akifika, husema neno lilelile: "Haya, supu inapoa."

Leona alipelekwa lindoni mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo Tata alikwama na mzoga upande wa pili wa mfereji. Theluji ikamjaa binti yake mapajani.

"Nililia bila sauti," anasimulia. "Nikisema niondoke, namwona anavyonitazama. Giza linaanza, ndiyo akatokea. Akaniambia supu inapoa, utadhani nimekaa dakika moja."

Sheria nyingine alizidharau. Serikali ilipoamuru wawindaji wote wavae kizibao cha rangi ya chungwa ili wasipigane risasi, yeye alikivaa mpaka lindoni, kisha akakivua na kukikalia. Ofisa wa wanyamapori alimkuta akamwambia, "Mzee, kulungu hawaioni rangi hii." Akajibu, "Mimi naiona." Kundi likapata la kusema kwa miaka mingi: "Angalau makalio yako hayatapigwa risasi, Cass!" Kitambaa kikakaliwa mpaka kikachakaa, mkewe akakitia kiraka cha pazia la jikoni, lenye miraba ya buluu.

Mke akafariki. Uzeeni, akili ya Tata ikaanza kupungua kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Akawa anamwita Leona kwa jina la mama yake. Jioni alikaa mkao wa safari na kusema anataka kwenda kwao. Kwao palikuwa shamba la ng'ambo ya mto alikozaliwa, ambako nyumba ilibomolewa zamani.

Kwa hiyo, siku alipopotea, hakuna aliyejiuliza ameelekea wapi. Amekwenda kwao. Leona mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo polisi.

Walimtafuta barabarani kote mpaka mtoni. Walimtafuta mitaroni, kwenye mabomba ya chini ya barabara, kwenye maghala ya viazi. Helikopta ilizunguka. Siku ya pili Verlyn Raasch, jirani aliyerithi ukuu wa msako kwa Tata, alikusanya watu wa vijiji vitatu. Walikuja na vizibao vyao vya rangi ya chungwa, maana ndivyo walivyokuwa navyo. Walijipanga mstari, bega kwa bega. Verlyn alipuliza baragumu. Walipita msituni, wakapita ukingo wa mto, na alasiri wakapita kinamasi cha nyuma ya nyumba kwa kuwa kilikuwa njiani, wakipaza sauti. Maji yalikuwa mengi mwaka ule. Mstari uligawanyika kukizunguka kisiwa, ukaungana tena upande wa pili.

Bernice alikuwa kwenye ngazi za nyuma na birika la kahawa. Bernice ni dada yake Tata, mwanamke mfupi, mkali, asiyeamini mizimu wala utabiri wa hali ya hewa.

"Kelele zilipotulia kidogo, nikasikia mtu anakohoa," anasema. "Kukohoa kwa kujizuia. Kama mtu kaziba mdomo na kiwiko. Nikamwambia Leona, huyu hapa."

"Nikamwambia ni kulungu," Leona anasema. "Kulungu akishtuka anatoa sauti ya namna hiyo, puani. Nimeisikia maisha yangu yote."

"Ukaniambia nikaongeze kahawa."

"Nikakwambia ukaongeze kahawa, Shangazi."



Theluji ilianguka mapema, utafutaji ukasimamishwa. Novemba ile kundi halikukiswaga kinamasi, kwa heshima ya msiba ambao haukuwa na jeneza. Bernice aliendelea kuandaa sahani tatu mezani. Leona hakumkataza.

Kazini ilikuwa vibaya zaidi. Watu wanaopiga simu ya mizoga huwa hawasemi mengi. Husema tu kuna kitu kimelala mtaroni, karibu na kona fulani, cha rangi ya udongo.

"Nilikuwa nasimamisha gari mbali," anasema Leona. "Nakaa kwanza. Natazama kama kina pembe. Kikiwa na pembe, nashukuru Mungu. Kisha najilaumu kwa kushukuru."

Majira ya kuchipua yakaja, maji yakapungua, hakuna kilichoonekana mtoni. Kiangazi kikapita. Ikafika tena Oktoba, na asubuhi moja Verlyn akaja mbio na simu mkononi, amejaa furaha kama mtoto.

Alikuwa amefunga kamera mtini ukingoni mwa kinamasi, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Ndani yake alikuwamo dume mmoja ambaye kundi humwita Askofu, kwa uso wake wa kijivu na jinsi asivyoonekana ila kwa nadra. Sikio lake la kushoto limepasuka. Verlyn alikuwa na picha zake za miaka mingi, na zote zilitoka kwenye kamera hiyohiyo, mahali palepale.

"Tazama shingo hiyo!" alisema. "Mwaka huu namwangusha, Leona. Nakuapia."

Leona alitazama. Kulungu alikuwa amesimama ndani ya mvuke wa alfajiri, macho yake meupe kwa mwanga wa kamera, akielekea upande wa nyumba ya akina Leona. Kwenye pembe ya kulia palining'inia kitambaa.

"Hiki nini?"

"Utepe wa wapima ardhi huo. Madume wanajisugua pembe kila mahali, wanazoa kila takataka."

Leona aliikuza picha kwa vidole. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya chungwa. Pembeni yake palikuwa na kipande cha miraba ya buluu.

Bernice, aliyekuwa akimenya viazi, aliinuka akachungulia. Akaweka kisu chini. "Hilo pazia nililishona mimi na wifi yangu," alisema.

Verlyn alivua kofia. Baadaye, kwa sauti ya chini, alijaribu kumtuliza Leona. "Kulungu anatembea, dada. Anaweza kuwa amekizoa popote. Hata huko ng'ambo ya mto."

"Angekuwa kijana, ningekubali," Leona alimjibu. "Huyu ana miaka minane au zaidi. Viazi viko hapa, mialoni iko kwenye kile kilima, maji yako miguuni kwake, na matete yanamficha. Aende ng'ambo ya mto kufuata nini? Huyu dunia yake yote inaonekana kutoka hapa kwenye sinki."

Verlyn alipoondoka, Leona alikwenda bandani. Vigoda vya msako vilitundikwa ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake. Msumari wa Tata ulikuwa mtupu. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeingia kuutazama, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mtu anayekwenda kwao atachukua kigoda.

Leona alikaa chini, kwenye sakafu ya banda.

"Ndipo niliposikia lile baragumu kichwani," anasema. "Nikaona wale watu na vizibao vyao. Hep, hep. Nikaelewa. Sisi hatukumtafuta Tata. Sisi tulimswaga."

Anajisugua viganja. "Yeye alikuwa lindoni. Akili imekwisha, jina langu limekwisha, lakini lindo halikwisha. Anatuona tunapita. Anatusikia. Na kila tulivyozidi kumwita, ndivyo alivyozidi kunyamaza, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha sisi wote. Akajizuia hata kukohoa. Nami nilimtafuta barabarani kama dume wa mwaka mmoja na nusu. Mimi, wa kazi hii."

Alitaka kwenda saa hiyohiyo. Mvua zilikuwa zimenyesha, na polisi wawili waliokuja na mtumbwi walizuiwa na vichaka kabla ya kufika nusu ya njia. Waliahidi kurudi barafu ikishika. Lakini kabla ya barafu kuna msimu wa kuwinda kwa bunduki, na kundi la Verlyn lilikuwa limekwisha kupanga kukiswaga kinamasi siku ya kwanza. Watu ishirini wangepita mle kwa kelele, Askofu angeuawa au angehama, na chochote kilichobaki cha Tata kingekanyagwa.

Jioni ya kuamkia msimu, kundi hukutana baa kula samaki wa kukaanga. Leona aliingia na koti lake la kazi.

"Jamani, hesabuni mbwa wenu, Bibi Mazishi huyo!" alisema mmoja.

"Kaa, kaa, Leona. Umekuja kumuaga Askofu? Maana kesho Askofu anaingia kwenye friji ya Verlyn."

"Friji ya Verlyn haina nafasi," mwingine akadakia. "Mkewe kaijaza bia ili asiwekewe mzoga."

Wakacheka. Leona hakukaa.

"Nimekuja kuwaomba kesho msiswage kinamasi."

"Aa, Leona! Mwaka jana tuliacha."

"Tumemngoja yule dume miaka mitano!"

"Verlyn," Leona alisema, "siku ile ya kumtafuta Tata, nani alikuwa mkuu?"

"Mimi. Unajua."

"Nani alipuliza baragumu?"

"Mimi."

"Kigoda chake hakipo bandani. Alikuwa lindoni, Verlyn. Tulipompita alikuwa lindoni. Nani alikwenda kumfuata?"

Wanasema hata mwenye baa alizima jiko la kukaangia. Verlyn Raasch ni mtu mkubwa, mwenye ndevu na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliisukuma sahani yake kando.

"Hakuna," alisema.

Asubuhi ya siku ya kwanza, milio ya bunduki ilisikika kaunti nzima, isipokuwa kinamasini. Watu wa kundi walisimama ukingoni bila silaha. Verlyn alitangulia. Baragumu alikuwa ameliacha garini. Leona alifuata nyuma.

Barafu ilikuwa nyembamba kama kioo cha dirisha, lakini chini ya maji Verlyn aligusa mbao kwa fimbo. Ilikuwa njia ambayo Tata aliitandika mwenyewe ujanani na kila mtu alishaisahau. Macho hayakuiona. Miguu ya mzee, mwaka mmoja nyuma, iliikumbuka.

Walipokaribia kisiwa, Askofu aliinuka. Alikuwa amelala karibu sana, mahali ambapo walikuwa wakitazama muda wote bila kumwona. Hakuruka wala hakutoa sauti. Alitembea hatua chache, kitambaa kikicheza pembeni mwa uso wake, akajilaza tena nyuma ya kichaka na kuweka kidevu chini.

Kigoda kilikuwa chini ya msonobari. Tata alikuwa pale, kwa kile ambacho mwaka mmoja na wanyama huacha. Mgongo wa koti ulikuwa bado umeegemea mti. Kizibao kilikuwa chini, kimechanika upande mmoja. Majani yaliyokauka yalikuwa yamejaa ndani ya viatu, na viatu vilielekea mbele, sawasawa, kama vya mtu anayesubiri.

Leona aligeuka kutazama kule viatu vilikoelekea. Aliliona dirisha la jikoni. Taa ilikuwa inawaka, na Bernice alikuwa akipita na sahani.

"Usiku wote ule," anasema, "alikuwa anatuona tukila."

Verlyn alipiga goti ndani ya maji.  

"Haya, Cass," alisema. "Supu inapoa."

Wale waliokuwa ukingoni wanasema walilisikia neno hilo kana kwamba limesemwa masikioni mwao. Wanasema pia kwamba baadaye kidogo, mtu alikohoa. Kila mmoja aliapa si yeye. Leona alipoulizwa alisema ni kulungu.

Casimir Kubisiak alizikwa wiki moja baadaye, karibu na mkewe. Meza ya Bernice sasa ina sahani mbili. Verlyn ameiondoa kamera yake mtini, na kundi limekubaliana kwamba kinamasi kile hakitaswagwa tena maadamu yule dume yu hai.

Leona amerudi barabarani. Wiki hii ameokota madume wanne, wote vijana. Dukani bado ni Bibi Mazishi, naye bado hujibu.

Amebaki na jambo moja. Kizibao kimefuliwa na kukunjwa juu ya cherehani ya Bernice, na kwenye ukingo wake kuna pengo. Pembe za kulungu hudondoka zenyewe kila majira ya baridi, na za wazee hudondoka mapema. Askofu atazidondosha hapohapo anapolala, kwa kuwa hana kwingine anakokwenda. Leona ana mpango wa kwenda kuiokota ile ya kulia, akilete kile kitambaa nyumbani, Bernice akishone mahali pake.

Fimbo ya Verlyn imeegemezwa mlangoni, tayari. Barafu ya kinamasi tangu juzi inabeba mtu.